Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Kilomita Hamsini za Mikumi

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUSIMAMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Uniwie radhi kwa kukuandikia bila kutaja cheo chako. Lami ni ya wenye barabara. Swala aliyesimama juu ya lami ni wa wenye hifadhi. Mwendo wa gari linalomkaribia swala huyo ni wa trafiki, na sera ya kunihamasisha nikamtazame ni ya wenye utalii. Nimeona barua niiweke hadharani, atakayejitambua aijibu.

Mimi ni raia msikivu. Mliposema utalii wa ndani, niliitikia. Mwaka 2022 Rais Samia mwenyewe alionekana katika filamu ya The Royal Tour akimtembeza mgeni kwenye vivutio vyetu. Mimi ni nani nibaki nyumbani? Basi likizo hii ya Juni, nyasi zikiwa zimeanza kukauka na wanyama kuonekana vizuri, nimepanga kuwapakia watoto, mama yao na kamera ya kuazima kwa shemeji, tutoke Dar es Salaam hadi Iringa, na Mungu akijalia tufike Ruaha. Tutalala Morogoro, kwa sababu picha nzuri za wanyama ni za asubuhi na jioni, na anayetoka Dar alfajiri akapambana na foleni za Kibaha na Mlandizi hufika Mikumi jua likiwa utosini na swala wamejificha kivulini.

Kwenye ratiba nimechora alama kila mahali pa kupiga picha: mibuyu ya bonde la Ruaha, kona za Kitonga, nyanya za Ilula. Kote huko mambo yananyooka. Penseli inagoma Mikumi tu, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapokata katikati ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50. Hapo twiga anavuka bure, nami napita bure. Shida inaanza nikitaka kusimama.

Wala si kwamba nchi yetu haijui kusimama. Basi linasimama Chalinze watu wanunue mananasi. Linasimama kwenye mizani. Linasimama kila trafiki anaponyoosha mkono. Linasimama hata porini watu wakachimbe dawa, wanaume kushoto, wanawake kulia, dereva anapiga honi kabla hujafunga mkanda. Kibofu kina kituo, tumbo lina kituo, uzito una kituo. Macho ndiyo hayajapangiwa.

Tena ukiingia eneo la hifadhi unakaribishwa na kibao cha bei. Kumgonga swala pala ni dola 390. Pundamilia, dola 1,200. Nyati, 1,900. Simba, 4,900. Twiga, mnyama wetu wa taifa, ni dola 15,000, sawa na tembo. Nakupongeza kwa dhati: ni huduma chache za umma zenye bei iliyo wazi kiasi hiki, bila njoo kesho na bila mhusika ametoka. Nilishangaa kidogo tu kwamba mnyama ni wa taifa, barabara ni ya taifa, aliyegonga ni raia, ila fedha ni ya Marekani. Kubwa zaidi, Mheshimiwa, hiyo ni bei ya maiti. Natafuta mstari wa mtu anayetaka kumwona twiga akiwa bado anatafuna.

Si kwamba upigaji picha haujulikani barabarani. Unajulikana, na una mabingwa. Ni askari wenye tochi, waliojibanza nyuma ya mwembe, na haki ya mtu mpe: picha zao ni safi. Gari liko katikati, namba inasomeka, mwendo umeandikwa pembeni. Picha inatangulia kwa WhatsApp, unaikuta inakusubiri mbele, na kuitazama ni shilingi 30,000. Wapiga picha za wanyamapori duniani hushinda juani kutwa nzima wakiomba wapate moja ya namna hiyo. Naomba mabingwa hawa waje wawafundishe wanangu subira.

Linganisha na kazi ya abiria wa basi la Mbeya. Aliye mbele anapaza sauti, "Tembo kulia!" Basi zima linahamia kulia, simu zinanyanyuliwa juu ya vichwa, konda anawasihi watu wakae. Ukija kuikuza picha unaona vizuri kabisa kiganja chako kwenye kioo, pindo la pazia, sikio la jirani, na mbali huko kitu cha kijivu ambacho kinaweza kuwa tembo, kichuguu au tangi la maji. Tembo pekee anayetulia mbele ya macho ya abiria huyu ni yule wa noti ya shilingi 10,000, na huyo naye hakai mfukoni.

Najua utaniambia niingie getini. Nitaingia. Kiingilio cha raia mtu mzima ni nafuu, shilingi 5,000 kabla ya kodi. Lakini huyo wa basi la Mbeya, mwenye gunia la mchele kwenye buti na msiba unaomsubiri, hawezi kumwambia dereva akate kona aingie hifadhini. Dirisha la basi ndilo geti lake.

Wengine, kwa kukosa pa kusimama, hujipangia wenyewe. Gari dogo linafunga breki katikati ya lami, kioo kinashuka, ndizi inarushwa kwa nyani, na lori la Tunduma linalokuja nyuma linapiga honi ya kukata roho. Nyani kwa upande wao wameshaelewa kuwa gari likipunguza mwendo ni chakula kimefika, kwa hiyo wanahamia barabarani, na huko wanagongwa.

Isitoshe, barabara hii na hifadhi hii ni ndugu wa damu. Ujenzi wa barabara ya Morogoro hadi Iringa miaka ya 1950 ndio uliowafungulia njia wawindaji, na katika kuwaokoa wanyama ikaanzishwa hifadhi mwaka 1964. Leo ina kilomita za mraba 3,230. Kati ya hizo, mimi naomba eneo la kutosha mabasi mawili.

Kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo:

(i) Maegesho mawili nje ya lami, yanayotazama mbuga ya Mkata, yenye ukuta mfupi, askari wa hifadhi mmoja, na pipa la taka lenye kufuli ambalo nyani hajafundishwa kulifungua.

(ii) Dakika kumi za kusimama hapo zihesabiwe kwenye ratiba ya basi, na iandikwe wazi kuwa si za kuchimba dawa.

(iii) Kibao cha pili kando ya kile cha faini, chenye bei ya kumwona mnyama hai, kwa shilingi.

Utauliza serikali inafaidika nini, kwani matuta si yapo? Tuta linapunguza mwendo wa gari, lakini haraka ya dereva liliikuta na linaiacha palepale: akishalivuka anakanyaga mafuta kufidia. Dereva aliyekwisha kusimama na abiria wake, wakamwona twiga akiinama kunywa maji kwa miguu iliyotanuka, kesho yake akimkuta barabarani hatamwona tena kama tuta lenye shingo. Nawe utaepuka kudai dola 15,000 ambazo, tuseme ukweli, dereva wa lori hanazo.

Ikiwa ombi hili litahitaji kamati, nipo tayari kuhudhuria vikao vyote bila posho. Natambua kwamba sharti hilo huenda likavichelewesha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Raia, siti ya dirishani.

Nakala: Askari mwenye tochi, kwa ushauri wa kitaalamu.
Nyani wote wa barabara kuu, kwa taarifa na utekelezaji.