Namna ya Kukuza Ubunifu Chuoni Bila Kupoteza Ufunguo wa Karakana

Mkuu wa chuo, pole na hongera. Waraka umekufikia kutoka juu: chuo chako cha uhandisi hapa Nakuru kikuze ubunifu wa wanafunzi kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Usitishike. Ubunifu ni mgeni kama mgeni mwingine. Ukijua kumpokea, atakunywa chai, atasifu mapazia, na ataondoka kabla ya giza bila kuvunja kikombe. Nimeketi miaka mingi kwenye viti vya plastiki chini ya mahema ya maonyesho, na siri nimezikusanya zote. Chukua kalamu.

Utahitaji bango moja kubwa, kamati ya watu kumi na mmoja, kufuli madhubuti, daftari la stoo, na mwanafunzi asiyeuliza maswali. Huyo wa mwisho hauzwi dukani, lakini anatengenezeka. Tazama hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: Tangulia na bango

Tafuta chumba kilichokuwa kikihifadhi madawati mabovu. Kipake rangi, kiite Kituo cha Ubunifu, na utundike bango kubwa kuliko mlango. Ndani weka kompyuta mbili, mojawapo iwe inawaka. Kisha unda kamati. Kamati ikutane kila mwezi kujadili maana ya neno "ubunifu", na isifikie mwafaka, kwa sababu mwafaka ukipatikana, posho ya kikao itakoma. Mwanafunzi asiingizwe humo hata kidogo. Akiingizwa ataanza kuuliza mashine ziko wapi, na hilo halimo kwenye ajenda.

Hatua ya pili: Funga karakana

Mashine ya kukereza vyuma ni mali ya umma, na mali ya umma hulindwa. Njia bora ya kuilinda ni kuiacha ndani ya nailoni iliyokuja nayo, ili wakaguzi waikute ingali mpya. Mwanafunzi anayetaka keekee ya milimita kumi ajaze fomu, apate sahihi tatu, kisha aambiwe kwamba mwenye ufunguo ameenda matanga Molo. Molo si mbali, lakini matanga hayana saa.

Hatari kubwa hapa ni geti. Kijana akichoka kungoja, atatoka nje na kwenda kwa mafundi wa jua kali. Huko hakuna daftari la stoo. Vyuma vimelala ardhini vinaonekana, mashine ya kuchomelea inatema cheche tangu asubuhi, na hakuna anayemwuliza mgeni alipata alama gani. Anaulizwa, "Wewe unajua kushika nini?" Wiki mbili za swali hilo zinatosha kuharibu diploma ya miaka mitatu. Ongeza askari getini.

Hatua ya tatu: Shughulikia maswali mapema

Swali ni mche: usiponyofolewa ukingali mdogo, utang'oa ukuta. Jifunze kwa majirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1963, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Wengine walichemsha maziwa wakayaacha yapoe kwanza. Yeye, akihofia kukosa nafasi kwenye jokofu, aliyatia yakiwa moto. Yake yakaganda mapema. Akauliza kwa nini, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo Iringa aliuliza tena, na mwalimu akatamka kwamba hiyo labda ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa likapata utani wa kutosha muhula mzima.

Angalia ustadi huo! Hakupigwa, hakufukuzwa, alibandikwa jina tu. Mpango wote ungefaulu kama si uzembe wa mtu mmoja. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alizuru shule hiyo ya Iringa, akaulizwa swali lile lile mbele ya wanafunzi waliokuwa wakicheka, na badala ya kucheka nao akarudi maabara na kulipima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na hadi leo wanasayansi wa mabara yote wanabishana juu ya kitu kinachobeba jina la kijana yule yule aliyechekwa. Ndiyo matokeo ya kuwaruhusu wageni waingie madarasani bila kuelekezwa.

Hatua ya nne: Chagua tatizo lisiloonekana kutoka dirishani

Nakuru ni mji wenye mifano mibaya sana kwa mpango wetu. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi kupita kiasi, na ushahidi umo vinywani mwetu: cheka tu, meno ya kahawia yataeleza umekulia wapi. Sasa, watu wa Kanisa Katoliki, Jimbo la Nakuru, hawakungoja kongamano. Walichukua mifupa ya ng'ombe, wakaichoma ikawa kama mkaa, wakaipitishia maji, na floridi ikabaki mifupani. Mifupa! Kitu ambacho chuo chenye heshima zake humwachia mbwa wa mlinzi.

Kule Eburu nako mambo ni mabaya zaidi. Wenyeji walikuwa na mvuke unaofuka ardhini lakini hawana mto. Wakautega kwa mabomba, ukapoa, ukadondoka ukawa maji ya kutumia nyumbani. Hakuna pendekezo lenye kurasa arobaini, wala fasili ya ubunifu.

Mwanafunzi akiona mambo hayo anaweza kudhani kwamba uhandisi huanzia kwenye shida ya jirani. Mwelekeze kwingine. Mpe orodha ya miradi iliyoidhinishwa tangu enzi za mhadhiri wake: taa za barabarani zinazojiwasha, pipa la taka linalojifunua, king'ora cha moto. Nakuru ina mapipa machache na taa chache zaidi, lakini hilo lisikusumbue. Muda ukibana, kijana atapanda matatu hadi Luthuli, Nairobi, ambako sakiti hupatikana kama sukuma wiki sokoni. Akirudi na kitu kilichounganishwa tayari, mpe alama za juu kwa unadhifu. Yule aliyeunganisha mwenyewe, nyaya zikiwa zimetokeza kama matumbo ya kuku, mkate alama kumi.

Hatua ya tano: Fanya maonyesho, kisha uyamalize

Maonyesho ndiyo kilele. Hema la wageni liwe na pazia, la wanafunzi liwe na jua. Hotuba zichukue saa tatu na kila mradi dakika mbili. Mgeni wa heshima aguse kila kitu, aulize "na hii inafanya nini?", kisha apigwe picha kabla ya jibu.

Muhimu ni kwamba kisiendelee chochote baada ya picha. Hapa nchi yetu ina uzoefu. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliagizwa kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer likazinduliwa kwa shangwe. Magari yalikuwa machache, sherehe ilikuwa kubwa, na sokoni hayakufika. Hivyo ndivyo kazi inavyofungwa. Linganisha na utovu wa nidhamu wa Makerere: wanafunzi na wahadhiri wao walijaribu gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, wakapiga picha kama kawaida, kisha wakarudi karakana kesho yake! Leo kuna kampuni ya serikali yenye kiwanda Jinja, inaunda mabasi. Nani atamweleza mkaguzi jambo kama hilo?

Hatua ya sita: Ukipatwa na ubunifu wa ghafla

Hata ukifuata yote haya, ajali hutokea. Siku ya maonyesho, mgeni wa heshima akiwa katikati ya hotuba kuhusu teknolojia, umeme utapotea. Usiniulize kwa nini. Olkaria, inayozalisha umeme wa mvuke tangu 1981, imo ndani ya kaunti hii hii. Menengai, ambako visima vilianza kuchimbwa mwaka 2011, unaiona ukiinua tu macho. Tumeketi juu ya chungu kinachotokota, na kipaza sauti kimekufa.

Jenereta ya chuo itakohoa mara mbili na kunyamaza. Spana zimo stoo. Ufunguo uko Molo.

Ndipo kijana mmoja atatoka nyuma ya hema la jua. Utamtambua: ana deni la karo, mradi wake ulikataliwa kwa kuwa haumo kwenye orodha. Ataazima spana kwa mwendesha bodaboda aliye getini, alegeze nati ya bomba la dizeli, atoe hewa, akaze, avute pumzi, awashe. Sauti itarudi katikati ya neno "uvumbuzi", na watu watapiga makofi wakidhani wanamshangilia msemaji.

Usiyumbe. Mwite ofisini.

"Kijana, nani alikuruhusu kugusa jenereta?"

"Hakuna, mwalimu. Niliisikia tu inakohoa."

Jibu hilo linatosha kumtia hatiani. Mwandikie barua ya onyo yenye makosa matatu: kushika mali ya chuo bila idhini, kutumia kifaa kisichomo kwenye daftari la stoo, na kuacha meza ya maonyesho bila mtu. Itolewe nakala tatu, moja yake, moja ya faili, moja ya Kamati ya Ubunifu.

Na printa ikikwama kwenye nakala ya pili, kama ilivyo desturi yake, usihangaike kumtafuta fundi. Kijana yuko pale nje kwenye benchi, anangoja barua yake. Mwite aitengeneze kwanza.