Njia ya Mama

Sakafu yetu ya niru nyekundu, pale Mbagala, ilituvumilia miaka 15. Mwisho ikaanza kupasuka, na sisimizi wakafanya kila ufa kuwa mlango wao. Mume wangu akaniambia, “Mama watoto, mwaka huu tuweke marumaru.” Neno hilo nilikuwa nimelingoja siku nyingi.

Kariakoo nilichagua kwa macho. Nilizipita za sentimita 30 kwa 30, rangi ya mchanga, zenye mkwaruzo. Nikasimama mbele ya za 60 kwa 60, nyeupe, zinazong’aa mpaka taa ya duka ikaonekana ndani yake. Muuzaji akapiga hesabu: sebule ni mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20, boksi moja lina vipande 4 na linafunika 1.44, basi maboksi 14 yanatosha.

Kwenye karatasi yalitosha. Lakini kila kipande kilichokatwa ukutani kiliacha baki lisilofaa kwingine, na siku ya tatu maboksi yakaisha, safu nzima chini ya dirisha bado tupu. Hesabu ile ilitaka kuongezwa sehemu ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika. Tukarudi dukani, tukapata za jina lile lile na ukubwa ule ule, ila namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi ilikuwa nyingine. Zilipolazwa, safu ile ikawa na weupe wa maziwa, kama kiraka kwenye kanzu.

Milango nayo ikagoma. Udongo wa saruji na marumaru juu yake viliinua sakafu, na mlango wa chumba cha Mama mkwe ukawa haufunguki. Seremala akaung’oa, akaupunguza chini kwa randa. Kisha mume wangu akapita akigonga sakafu kwa sarafu, na vipande 7 vikalia uvungu. Fundi hakuitindua niru ya zamani kabla ya kulaza, na niru ni laini. Saruji mpya haikupata pa kushika.

Hayo yote tuliyaona. La Mama hatukuliona.

Mama mkwe wangu anaishi nasi tangu afiwe na mumewe huko Pangani. Ndani ya nyumba hutembea pekupeku. Mara tano kwa siku huenda uani kutawadha, akarudi nyayo zikiwa zimelowa, akapita jikoni na sebuleni mpaka chumbani kwake karibu na baraza. Niru iliyochakaa iliushika unyayo wake miaka yote.

Wiki ya tatu, mvua ikinyesha, nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa anaizunguka nyumba kwa nje, kanga kichwani, mkono mmoja ukipapasa ukuta, aingie chumbani kwa kupitia barazani. Nikamkimbilia.

“Mama, mbona unalowa? Kwa nini hupiti ndani?”

“Ndani pazuri, mwanangu. Ila miguu ikiwa na maji napaogopa. Juzi nisingeshika kiti ningeanguka. Nimeona mlivyofurahi, sikutaka kuwavunja moyo.”

Nilivua ndala, nikazilowesha nyayo zangu, nikapita alipokuwa akipita. Hatua ya pili mguu ukanikimbia. Juu ya kigae king’aacho, maji hutanda kati ya unyayo na sakafu, mguu usiguse kitu. Mwenye miaka 40 hujizuia. Kwa mwenye umri wa Mama, ni nyonga kuvunjika. Nililia, kwa sababu nilikuwa nimewachagulia sakafu wageni wa Idi, nikamsahau anayeikanyaga kila siku.

Safari hii dukani nilivua viatu kabla ya kuuliza bei. Nikaomba maji, nikamwagia kigae kimoja baada ya kingine, nikavikanyaga. Vilivyonishika ni vile vya mchanga nilivyovipita mwanzo. Fundi mwingine aling’oa njia ya upana wa vipande viwili, kutoka mlango wa jikoni hadi wa Mama, akaitindua niru vizuri, akalaza vipya. Vilivyolia uvungu viling’oka vizima, na vikatosha kabisa kuziba safu ya chini ya dirisha. Kiraka kile kikaondoka.

Magharibi ya kwanza Mama alitoka uani, maji yakimchuruzika miguuni, akapita katikati ya sebule bila kushika kitu. Mlangoni kwake akageuka, akazitazama alama za nyayo zake zikikauka juu ya rangi ya mchanga.

“Sasa,” akasema, “nami nimeingia nyumba mpya.”