Jina Lenye Nasaha

Wazee wa Shangani, Unguja, husimulia kwamba chokaa ya jumba la Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19, ilikandwa kwa mayai, na kwamba mwenyewe, akiijua gharama aliyoitia, alilipa jina lile ili jirani asithubutu kumfuata. Nasaha hiyo, labda kwa kuwa ilitolewa kwa Kiswahili fasaha, haikufika maofisini. Maana hata UNESCO, iliyouingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ilipodhihirisha wasiwasi wake juu ya hoteli iliyokusudiwa hapo, hoteli ilisimama, na mwaka 2015 ikafungua milango.

Sisi wakaazi hatuna uadui na mgeni, hasha; ila kila itandazwapo ramani mpya, pwani ambamo vijana hucheza mpira maji yakitoka huchorwa minazi na viti vya kulalia, na wenye mpira hawachorwi kabisa. Basi, waheshimiwa, kabla ya kuitia ramani hiyo muhuri, tafadhalini litamkeni jina la jumba lile, taratibu, mara mbili.