Muulize Shangazi Kipenga

Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni Mwananchi wa kulia machozi. Tangu Yanga itolewe na Mamelodi Sundowns kule Pretoria, Aprili 5, 2024, sebule yangu haina amani. Amechora mstari wa chaki sakafuni, ameweka chungwa juu yake, na kila mgeni lazima apige magoti atazame kama limevuka. Daku tunakula kwa zamu: mmoja anakula, mwingine mshika kibendera. Nifanyeje?
Mama Watoto, Temeke

Marahaba, mwanangu. Kwanza tumtendee haki mumeo. Lile shuti la Aziz Ki liligonga mtambaa wa panya, likadunda chini, na macho ya wengi, yangu yakiwemo, yaliona goli. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Ukibakiza unywele, hakuna kitu. Unywele huo unapimwa kwa mashine ya mstarini, na pale Loftus Versfeld haikuwepo. Ilikuwepo VAR, yaani watu wanaotazama runinga kama sisi, ila wao wanalipwa. Mwamuzi hakwenda hata kuchungulia. Uchungu huo ni halali, asimnyang'anye mtu.

Ila kuna jambo. Afrika Kusini hiyohiyo, Bloemfontein 2010, Frank Lampard aliwapiga Wajerumani goli ambalo hata kipofu angelisikia likiingia. Likakataliwa. Dunia ikapiga kelele, na Kombe la Dunia la 2014 mashine ikawepo. Waingereza siku ile walifungwa 4-1, lakini hadithi wanayoipenda ni ya lile moja, si ya zile nne.

Kwa hiyo chungwa liache. Akishamaliza kueleza, muulize kwa upole: "Baba, dakika 180, Dar na Pretoria, tulifunga ngapi?" Akikohoa, mgusie matuta: Sundowns 3, Yanga 2. Pale hapakuwa na mstari wa kubishania. Alikuwepo Ronwen Williams, kipa aliyetoka kuwadakia Cape Verde penalti nne kwenye AFCON mwezi Februari. Usimuulize swali hilo kabla ya futari.

Shangazi, mimi Simba damu. Jirani yangu wa Yanga hanisalimii tena, eti kwa sababu usiku ule nilimpulizia vuvuzela dirishani. Ana haki?
Mnyama, Kariakoo

Usiku uleule, baba, Al Ahly ilikuwa inawachapa 2-0 Cairo, baada ya kuwachapa 1-0 hapa kwa Mkapa. Hukupata hata mwamuzi wa kumlaumu, masikini, ndiyo maana umeenda kuazima furaha kwa jirani. Kaombe radhi. Vuvuzela iache nyumbani.

Niliweka mkeka Yanga ashinde ndani ya dakika 90. Goli limekataliwa, mkeka umechanika, na hela ilikuwa ya kodi. Niidai CAF?
Mchambuzi, Mbagala

Idai. Wakati unasubiri majibu, mtafute aliyekwambia Sundowns wanafungika kirahisi kwao, ukalale kwake.

Nataka kusomea uamuzi. Nianzie wapi?
Kijana, Tanga

Anzia kwenu. Waite wajomba wa Simba na wajomba wa Yanga kwenye sinia moja la pilau, halafu uamue nani apewe paja la kuku. Ukitoka hapo na meno yote, njoo nikufundishe kuotea.