Mkorogo Nisioupaka

“Kumbe dada naye anajichubua!”

Aliyesema ni kungwi wa bibi harusi, mwanamke mwenye koo lililozoea kushindana na ngoma, na alisema nikiwa nimesimama katikati ya ukumbi, Maparoni, sinia la vitumbua mikononi, wanawake wa pande zote mbili wamejaa mkekani. Kila mdomo ukaacha kutafuna. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi, ambaye sijamkosea lolote duniani, alijisogeza akanichunguza, kisha akamnong'oneza jirani yake kwa sauti ya kunisikilizisha: “Na shingo.”

Na shingo! Mimi, ambaye nikikuta kopo la dukani kwenye meza ya mtu huligeuza nyuma nikasoma viambato kwa sauti, kimoja kimoja, mwenyewe akisikia. Mimi niliyekataa losheni ya zawadi kwa sababu jina la tatu kwenye orodha lilikuwa na herufi nyingi kuliko jina la ukoo wetu. Leo naitwa mtu wa mkorogo, na ushahidi ninao usoni: michirizi miwili ya kahawia iliyokolea kutoka paji la uso hadi kidevuni, baka shavu la kushoto, na matone yaliyoteremka shingoni hadi kifuani. Asiyejua kisa angeapa kwamba nilianza kujichubua nikaishiwa hela katikati.

Kisa chenyewe ni cha asili tupu. Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani: nazi ikakunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa kwa kifumbu, likachemshwa taratibu hadi maji yakaisha na mafuta yakajitenga na makapi yake. Asali. Manjano, kijiko. Maji ya ndimu, na juu yake maganda ya ndimu niliyoyakuna mwenyewe, maana harufu yote ya ndimu iko kwenye ganda. Hakuna kilichotoka kiwandani isipokuwa kopo. Nilijipaka pale Nyamisati, gatini, tukisubiri maji yajae, ili nikifika Maparoni niwe nimekwisha kung'aa. Akina mama waliokuwa wakisubiri boti wakaulizia. Nikakamua ndimu nyingine papo hapo kuwaonyesha, na kwa mkono ule ule uliolowa nikamshika shangazi mkono kumsaidia kupanda botini. Uukumbuke mkono huo.

Anayeijua delta ya Rufiji anajua kuwa ratiba ya boti haipangwi na mwenye boti. Mwezi ndio unaopanga. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo uliopitwa na boti asubuhi, mchana unapitwa na kaa kwa miguu. Sisi maji yalitukimbia kwenye kona moja. Boti ikakaa kwenye tope, ikainama ubavu, nahodha akazima mashine, akajifunika kofia usoni, akalala. Delta hii ina mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, mikandaa, misinzi na michu, na katika hekta zote hizo hapakuwa na tawi moja lililotufikia kutupa kivuli. Ilikuwa saa sita. Wenzangu wakajitanda khanga. Mimi nilikataa, kwa sababu khanga ingefuta mchanganyiko.

Mpaka leo nasema kosa ni la maji kupwa.

Usiku ule sikuona kitu. Kesho yake uso ukaanza kuwaka moto, na kufikia keshokutwa nilikuwa na malengelenge ambayo shangazi aliyaita “ya kijicho”. Lakini shangazi naye alikuwa na lake. Kwenye mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, ilijitokeza alama nyekundu ya kiganja cha mtu, vidole vitano vimekamilika. Mumewe, mzee wa maneno machache, aliitazama alama ile wakati wa chai, akauliza ni nani aliyemshika mkewe kwa nguvu kiasi kile. Shangazi akajibu kwamba hakushikwa na mtu yeyote. Jibu hilo halikusaidia. Siku nzima nyumba haikusemeshana, shughuli ya watu iko mlangoni, mpaka mtoto mmoja mwenye akili akapendekeza watu wote wapime viganja. Nikaitwa. Nikaweka changu juu ya alama, kikaingia barabara, hadi kidole cha mwisho. Mzee akarudi kwenye chai yake. Shangazi bado hajarudi kwangu.

Malengelenge yalikauka kabla ya harusi, yakaacha ile michirizi, na mengine nimeshayasema.

Niliporudi Kibiti nikaenda kumwona daktari, kijana mdogo tu. Hata sijakaa sawasawa akauliza: “Ulishika ndimu juani?” Iliniudhi mno. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugonjwa wenye heshima.

Basi nikasoma, na nilichokisoma kimeninyima usingizi kwa utamu wake. Hebu tulitazame jambo hili kwa upande wa ndimu. Ndimu haina miguu. Mdudu akija, haikimbii. Ukungu ukija, haijikuni. Inachoweza ni kutengeneza sumu, na mojawapo inaitwa furokumarini, ambayo huilimbikiza zaidi kwenye ganda, pale pale nilipokuwa nakuna. Gizani sumu hii ni pole kabisa. Ungejipaka usiku ukalala ndani, ukaoga alfajiri, ungeamka na uso wako ule ule. Inangoja jua. Mionzi ya urujuanimno, ile ya aina A inayopenya hadi ndani ya ngozi, ikiipiga, furokumarini inapata nguvu, inajipenyeza ndani ya DNA ya seli, katikati ya zile nyuzi mbili zilizosokotana, na kuzishona pamoja. Seli iliyoshonwa haiwezi tena kujinakili. Inakufa. Ngozi inavimba, inatoa malengelenge, kisha seli zinazotengeneza rangi zinaingiwa na hofu na kumwaga melanini bila kipimo, na melanini hiyo huweza kukaa wiki, hata miezi. Wala si mzio, kwamba huyu hudhurika na yule akasalimika. Yeyote mwenye juisi ya kutosha na jua la kutosha atapikika. Tena kwa hila: haiumi wakati ule ule, inasubiri siku moja au mbili mpaka uwe umeshaanza kuwashuku majirani.

Kuna zaidi. Kando ya Mto Nile huota mmea uitwao Ammi majus, wenye sumu za ukoo huo huo, na tangu zamani watu wa huko waliutumia, pamoja na jua, kwa wagonjwa ambao ngozi zao hupoteza rangi mabaka mabaka. Miaka ya 1940 daktari wa Cairo, El Mofty, alianza kuwatibu wagonjwa hao kwa kemikali iliyotolewa kwenye mmea huo ikasafishwa. Mwaka 1974 Marekani wakaanza kuitumia kutibu soriasi: mgonjwa anameza kidonge, anasubiri, kisha anaingizwa kwenye kabati la taa za urujuanimno kwa dakika zilizopimwa. Yaani kile nilichofanyiwa bure na boti ya Nyamisati, wenzetu wanakilipia, na wanasimamiwa na daktari mwenye saa. Na molekuli iliyo kwenye kidonge, iwe imetolewa kwenye mmea au imeundwa maabara, ni ile ile, chembe kwa chembe. Ngozi haina namna ya kuiuliza imezaliwa wapi.

Hapo ndipo kicheko kinaponiishia, kwa sababu namkumbuka yule kungwi.

Kwenye kikapu chake, kando ya singo, liwa na karafuu za kumsugua mwali, mlikuwa na kopo jeupe lisilo na karatasi. Mafuta ya maharusi, alisema. Nilimtazama bibi harusi usoni, nikamtazama mikono, nikanyamaza, maana harusi ya mtu si mahali pa kuhutubu. Uso wa Fanta, vidole vya Coca-Cola; mtaani wanavyosema hivyo ndivyo alivyokuwa. Mkorogo nao, ukitaka kujua, ni wa kutengenezwa nyumbani kama mafuta yangu: mtu ananunua krimu mbili tatu, anafungulia ndoo, anakoroga, anagawa kwenye makopo. Kinachokorogwa humo mara nyingi ni haidrokwinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ambayo kwa matumizi ya muda mrefu huweza kugeuza ngozi kuwa ya buluu-nyeusi. Ni steroidi kali kama klobetasoli, inayokondesha ngozi mpaka mishipa ikaonekana. Na wakati mwingine ni zebaki.

Zebaki! Hiyo inatoka mwambani. Ile ile wanayokamatia dhahabu wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya. Hakuna kiwanda kilichoivumbua. Ilikuwapo kabla ya mnazi, kabla ya mkoko, kabla ya kungwi. Ni ya asili kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka kwenye kopo langu, na inaua figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulianza kwa kutaka isizidi miligramu 1 kwa kilo ya kipodozi. Sisi hapa tumekuwa na sheria ya vipodozi tangu 2003, na mwaka 2019 usimamizi wake ukahamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Kila baada ya muda tunaonyeshwa kwenye taarifa ya habari shehena ikiteketezwa, moshi mweusi, kiongozi ameshika kipaza sauti. Kesho yake makopo yapo kwenye sinia, stendi, yakiuzwa na kijana mpole ambaye naye hajui kilichomo.

Na anayechekwa ni nani? Si aliyekoroga. Si aliyeingiza ndoo nchini. Si wakwe waliosema binti aangaliwe “apendeze kwenye picha”, na kila mtu ukumbini akajua wanataka rangi gani. Anachekwa aliyeungua. Yule binti, picha zikishapigwa, anarudi kwenye jaruba la mpunga na kwenye tope la kaa, kwenye jua lile lile lililoshinda likinipika mimi, akiwa amevuliwa kinga pekee aliyozaliwa nayo. Akitokwa na mabaka, watu watasema hajui kujipaka.

Mikasa mingine ya biashara yangu ya vipodozi vya asili ni midogo. Mteja wa Njombe alinitumia picha ya mafuta yangu yakiwa yameganda chupani mwezi wa saba, na ujumbe kwamba nimemuuzia mshumaa. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Njombe mwezi wa saba hata mimi ningeganda. Krimu ya mshubiri isiyo na kihifadhi, niliyoisifu hadharani kwa sababu haina kihifadhi, ilifuga ukungu wa kijani ndani ya mkoba wa mwalimu wa Bungu.

Sabuni ndiyo iliyonipa maadui. Mtu anatamka “ya asili”, anaona kifuko cha kostiki soda, anarudisha pesa mfukoni. “Mbona kemikali?” Nimechoka kueleza, lakini nitaeleza. Hakuna sabuni bila magadi makali. Mabibi zetu waliyachuja kwenye majivu, bila kipimo, ndiyo maana sabuni zao nyingine zilifua nguo na nyingine zikamenya mikono. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji takriban gramu 183 za kostiki. Ukipima vizuri, vikikutana, kostiki inaliwa yote na mafuta. Kinachobaki ni sabuni na glisirini, na maji. Kostiki ni hatari kwenye kifuko, tena hatari ya kupofusha, na kwenye kipande kilichoiva haipo tena. Ndimu ilikuwa salama kwenye kikapu, ikawa hatari usoni. Na sabuni ya nazi ina karama ambayo sabuni nyingine hazina: inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia waliipenda, na ndiyo maana inafaa kwa watu wa delta, ambao bahari ikipanda huwafuata hadi mtoni kwenye ndoo zao za kuogea. Kungwi ameshaagiza vipande sita. Hajalipa.

Kwa hiyo nawaomba mnaokoroga majumbani, wa nazi na wa ndoo: bandikeni karatasi. Andikeni mlichotia, na kiasi gani, na tarehe, kwa kalamu ya kawaida, kwa Kiswahili. Na wewe mnunuzi, kopo lisilo na karatasi mrudishie mwenyewe, hata kama ni shangazi yako. Sabuni yangu imeandikwa: mafuta ya nazi, kostiki soda, maji, chumvi. Ndimu nauza kando, za samaki.