Asidi ya Kumi na Sita

Kwenye praktiko za kemia za kidato cha nne, asidi huitwa "isiyojulikana" mpaka meza ya mbele ipate jibu. Baada ya hapo inajulikana hadi dirishani.

Siku hiyo chupa A ilikuwa na asidi ya hidrokloriki, na mkolezo wake ndio tuliotakiwa kuutafuta. Chupa B ilikuwa na hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M. Unavuta B kwa pipeti, unamimina kwenye flaski, unatia matone ya fenolfthaleini, flaski inageuka pinki kama sharubati ya harusini. Kisha unadondosha asidi kutoka kwenye bureti hadi pinki ifutike. Ubaya wa fenolfthaleini ni kwamba ikishafutika imefutika. Upitilize tone moja, upitilize sentimita kumi za ujazo, flaski ni ileile, haina rangi wala habari. Mwenzangu wa meza, ambaye koki ya bureti ilimvujia mpaka kwenye soksi, aliitazama flaski yetu safi akasema, "Hapa tumetoboa." Bureti ilisoma 31.40.

Ndipo mnong'ono ukafika: kumi na sita. Umetoka kwa yule binti wa meza ya mbele aliyeongoza kemia tangu kidato cha kwanza, nani abishe? Punde maabara nzima ina 16.00, 16.10, 16.00, wakiwemo wenye bureti zilizojaa pomoni. Mmoja, kwa kuogopa kufanana na wenzake, akaandika 15.90. Huyo nilimheshimu.

Mwalimu alipita akisoma madaftari, mabega yakimcheza kwa kicheko. "Jamani, inueni pipeti zenu."

Ya meza ya mbele iliandikwa 20. Zetu zote 25. Kwa pipeti ya 20, asidi ya 16.00 inatoa mkolezo wa 0.125 M, na ndio uliokuwa sahihi. Kwa pipeti ya 25, bureti ilipaswa kusoma 20.00, ukidesa 16 hesabu inakupa 0.156 M, asidi ambayo haikuwemo kwenye chupa yoyote mle ndani.

"Ticha, labda pipeti yetu imetanuka kwa joto," mwenzangu akajitetea. Akapewa sifuri, na juu yake akapiga deki maabara nzima, soksi zikiwa bado mbichi.

Kwa hiyo wewe mzazi mwenye mtoto kidato cha nne, mwambie kabla hajaomba namba kwa jirani, aombe kwanza kuiona pipeti.