Hotuba za Ndege Zihamie Maji Taka

Mkutano wa kuelimishwa ni kitu ambacho Mkenya yeyote anaweza kukisimulia akiwa amefumba macho. Kadi inasema saa nne asubuhi, na kila aliyealikwa anajua maana yake ni saa tano na nusu. Mgeni rasmi yuko njiani, na kwa kuwa njia yenyewe ni Barabara Kuu ya Thika, hakuna anayethubutu kuuliza ni njiani wapi. Projekta imefika ila waya wake umesahaulika. Waya ukipatikana, stima inapotea. Stima ikirudi, kompyuta inaamua kujisasisha mbele ya kadamnasi. Mfawidhi anatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha ndipo anaanza kuizingatia, jina baada ya jina. Chama cha watazama ndege kikipanga msimu wa hotuba Thika au Ruiru kitarithi haya yote, na juu yake kitaongeza balaa ambalo ni lake peke yake: mada ya siku iko nje. Watu wamefungiwa ukumbini, mapazia yameshushwa ili picha ionekane, wanaonyeshwa kwarara ukutani, na wakati huohuo kwarara mwenyewe anapiga mayowe juu ya bati hadi mhutubu anaomba radhi kwa usumbufu. Mimi ninaona dawa ni moja. Msimu mzima wa hotuba uondolewe ukumbini upelekwe kwenye madimbwi ya maji taka.

Sifanyi mzaha, au niseme mzaha si wangu bali ni wa ndege wenyewe, maana wao ndio waliotangulia kuchagua mahali. Orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya iliyochapishwa mwaka 1999 ina sehemu 60, na humo ndani, bega kwa bega na Ziwa Nakuru na Msitu wa Kakamega, yamo madimbwi ya Dandora, yale ya Ruai yanayopokea kila kinachoaga vyoo vya Nairobi. Thika nayo ina madimbwi yake, na watazama ndege wanayajua kuliko wenyeji, ambao hupita karibu wakiwa wamefunga vioo vya gari. Sababu haina muujiza wowote. Maji machafu huingizwa kwenye dimbwi la kwanza, uzito ukazama chini. Yanahamia la pili, la tatu, kila moja kina chake kifupi kuliko cha awali. Jua linaotesha mwani, mwani unatoa hewa, bakteria wanaivuta na kumeng'enya uchafu. Kwenye tope la chini wanazaliana viluwiluwi wa visubi kwa wingi usiohesabika. Mhandisi anaita mfumo huo usafishaji. Bata anauita hoteli, tena isiyomdai malipo.

Mtazame ndege mmoja tu pale, yule mweupe mwenye mabawa meusi na miguu myekundu iliyozidi mwili. Hutembea kwenye maji ya kina kifupi akiinua mguu mmoja polepole, anaukunja, anautua bila kutibua kitu, kisha anainama mdomo ukiwa umenyooka kama sindano na kudona mdudu juu ya maji. Hapo pembeni kuna kibisi, kidege cha mviringo kisicho na mkia wa maana, ambacho kazi yake kuu inaonekana ni kuwaaibisha wahutubu. Mhutubu akisema "mwangalieni yule," kibisi kishazama. Wote wanakodoa macho pale kilipozamia, nacho kinaibukia mbali, nyuma ya migongo yao, kikiwa na chakula mdomoni. Sijui projekta inayoweza kufundisha hilo. Na kwa habari ya muda, vitwitwi wanaochakura ukingoni huwa wamefika tangu alfajiri, hawangoji mgeni rasmi, na hakuna hata mmoja atakayedai kusema machache kabla hajala.

Kwamba ndege husomwa kwa miguu kuliko kwa makalio, historia ya hapa kwetu inashuhudia. Chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, ambacho leo tunakijua kwa jina la Nature Kenya, kilianzishwa mwaka 1909, na toka mwanzo kilikuwa na wahutubu, jarida na makumbusho yake. Lakini kilichowavuta watu wa kawaida, wasio na digrii wala kofia ya safari, ni matembezi ya Jumatano asubuhi yaliyoanza mwaka 1971 na kuongozwa na Fleur Ng'weno kwa miongo mingi. Watu hukutana kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, wanakwenda mahali, wanatazama, wanauliza. Marais wamekuja na kuondoka, Jumatano imebaki. Siamini kuna mfululizo wa hotuba za ukumbini ungedumu hivyo, hata ungegawa soda.

Msimu nao usipangwe na kamati. Ulishapangwa. Kuanzia Septemba na Oktoba wanaingia wageni kutoka Ulaya na Asia, nao hukaa hadi Machi au Aprili: vitwitwi, mbayuwayu, keremkerem, makorongo weupe. Hotuba ya kwanza ije na kitwitwi wa kwanza, ya mwisho iwe ya kumuaga anaporudi. Nikipewa nafasi ya kuchagua mada ya ufunguzi, ningetaka isimuliwe habari ya korongo aliyepigwa risasi mwaka 1822 karibu na mji mdogo wa Klütz, kaskazini mwa Ujerumani. Alikutwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni, umetokeza juu na chini, na hivyo ndivyo alivyokuwa ameruka kutoka bara hili mpaka kwao. Wazungu walimkausha, na mpaka leo anahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Ni mmoja wa mashahidi wa mwanzo waliowathibitishia kuwa ndege wao huja huku wakati wa baridi. Aliyemrushia mkuki alikosa kitoweo na hakuwahi kujua kwamba alichangia sayansi, jambo ambalo hata watafiti wetu wa leo wenye ruzuku hawapati kwa urahisi hivyo.

Sasa najua pingamizi la kwanza, na linaingia kupitia puani. Harufu ipo. Hata hivyo harufu kali ni ya dimbwi la kwanza, na ndege wengi wako kwenye yale ya mwisho, ambako maji yameshatulia na pua nayo imeshakata tamaa. Wanaopinga husema, kwa nini tusiende Fourteen Falls, mahali pazuri, penye maporomoko na wapiga picha? Twendeni. Lakini tukumbuke kwamba Mto Athi unaoporomoka pale umeshapokea Mto Nairobi huko juu, na Mto Nairobi hauji mikono mitupu. Povu jeupe ambalo maharusi hupigia picha si la maporomoko peke yake. Tofauti ya pale na madimbwi ni kwamba madimbwi yanakiri yalivyo, tena yana kibao getini. Na ndege hawajawahi kuwa na ladha zetu. Zogoyogo wa Hinde, ambaye duniani kote anapatikana Kenya tu, katika mabonde ya Mukurweini anajificha na kutaga kwenye vichaka vya lantana, gugu lililoletwa kutoka Amerika ambalo kila afisa wa kilimo angependa ling'olewe. Tukiwatafuta ndege mahali tunapopaona sisi ni pazuri, tutapata picha nzuri za mahali.

Pingamizi la pili ni la usalama, na hili nalichukulia kwa uzito. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 Thika, na sehemu kubwa ya ardhi wanayokalia ilikuwa mashamba ya kahawa na mkonge. Ruiru ndiyo iliyotoa mbegu ya kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985, inayostahimili baadhi ya magonjwa ya mbuni. Siku hizi ukitaja Ruiru 11 mtu anaweza kudhani unamwelekeza orofa ya kumi na moja. Katika mji kama huo mtu mwenye darubini si mtazama ndege hadi athibitishe. Akiielekeza kwenye ploti tupu, ni dalali, na kabla hajashusha mkono ataulizwa ekari ni ngapi. Akiielekeza kwenye ghorofa, ambako mwewe amejenga juu ya mlingoti wa simu, ni mwizi anayesoma madirisha. Wakiwa kumi na wote wanatazama juu, ni watu wa serikali, na wenye vibanda wataanza kufunga wakidhani bomoabomoa imefika. Ndiyo maana nasema madimbwi. Yana ua, yana geti, yana bawabu na daftari. Chama kinaomba ruhusa mapema kwa kampuni ya maji, kinaandikishwa, na utata pekee unaobaki ni ile safu ya "Unakuja kumwona nani?" ambayo mtu mkweli itabidi aandike "bata".

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wazungu na ya watu waliostaafu, na kwamba mtu anayetafuta kodi ya nyumba Githurai au Makongeni hana wakati wa kuhesabu mbawa. Hoja hii ingenishinda kama isingekuwa Mwea. Huko mpunga ukianza kukomaa, vijana hulipwa kushinda mashambani kuanzia alfajiri hadi jua kuzama wakiwinga ndege kwa makelele na kombeo za matope, kwa sababu kweleakwelea mmoja anaweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku, na hajawahi kuja mmoja. Kijana huyo anajua kundi linatua upande gani upepo ukigeuka, linalala wapi, linaogopa nini na linazoea nini baada ya siku tatu. Amewatazama ndege saa nyingi kuliko mwanachama yeyote mwenye darubini ya bei ya pikipiki. Aitwe ahutubu. Alipwe nauli na bahasha kama wahutubu wengine, na mada yake iwe ndege asiowapenda, maana mpaka sasa misimu ya hotuba hujaa watu wanaowasifia ndege ambao hawajawahi kuwalia chochote.

Kuna pia wale wanaohofia kwamba ukiwaleta wazee kwenye kikao cha ndege, mazungumzo yatageukia bundi na mikosi, na sayansi itaaibika. Haina haja ya kuona haya. Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uswidi, aliandika mwaka 1555 kwamba mbayuwayu hukaa msimu wa baridi chini ya maji, na kwamba wavuvi huwaopoa kwa nyavu wakiwa wameshikamana. Katika karne ya 17 Mwingereza Charles Morton, msomi kamili, alishikilia kwamba ndege wanaohama huenda mwezini. Mbele ya hao, bibi wa Gatundu anayesema bundi akilia juu ya paa kuna jambo, angalau anamtaja bundi aliyekuwapo, paa lililokuwapo na usiku alioukumbuka. Hiyo ni data, ila hitimisho ndilo linahitaji kurekebishwa. Mhutubu mwenye busara atamwachia amalize, halafu amuulize bundi huyo alikuwa anakula nini, na panya wa ghala waliongezeka au walipungua baada ya vijana kumpiga mawe.

Linabaki suala la chakula, ambalo katika mikutano yetu ndilo ajenda halisi na mengine yote ni utangulizi. Watu watauliza kama kweli wanatarajiwa kunywa chai kwenye ukuta wa dimbwi la vyoo. Hapana. Pale kwenye madimbwi hakuna kula, hakuna kushika maji, watoto washikwe mikono, na gambuti ni bora kuliko raba nyeupe. Chai na mandazi viwekwe kwenye gari, vifunguliwe baada ya watu kunawa kwa sabuni, ng'ambo ya barabara, upande ule upepo unakotokea. Mfawidhi akitaka kutoa neno la shukrani atolee hapo, dakika mbili, kinywa cha kila mtu kikiwa kimejaa. Na mgeni rasmi, ambaye kwa wakati huo atakuwa amefika Juja na anapiga simu kuuliza ukumbi ni upi, aambiwe afuate pua yake, ahesabu madimbwi hadi la mwisho, na asifunge mlango wa gari kwa kishindo, kibisi kimetoka tu kuibuka.